Rodi Iliyokosa Mnunuzi

Mume wangu alikuwa dereva wa watalii kwa zaidi ya nusu ya maisha yake. Alishuka na kupanda barabara ya kreta mara nyingi kiasi kwamba watoto wetu, walipokuwa wadogo, walidhani Ngorongoro ni jina la ofisi, mahali baba anapokwenda alfajiri na kurudi jioni akiwa na vumbi masikioni. Macho yake ndiyo yaliyotulisha. Aliweza kumwona faru upande wa pili wa kreta, kidoa cheusi kama punje ya ulezi, wakati wageni wenye darubini bado wanauliza wapi, wapi.

Kisha macho yakaanza kuondoka. Hayakuuma, na hilo ndilo lililotudanganya. Alianza kuangusha vikombe vilivyokuwa upande wake wa kushoto, tukacheka. Akawa anajigonga kwenye fremu ya mlango wa nyumba aliyoijenga mwenyewe, tukasema ni uchovu. Siku moja alirudi mapema, akaweka funguo za gari juu ya cherehani yangu, akavuta kigoda akakaa.

"Leo sikumwona ng'ombe," akasema.

"Ng'ombe gani?"

"Ng'ombe mzima, mama watoto. Amesimama katikati ya barabara mchana kweupe. Mgeni ndiye aliyepiga kelele."

Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba imekwisha kula sehemu kubwa. Dawa zingelinda kilichobaki, kilichokwenda hakingerudi. Kilichobaki kilikuwa mwanga na vivuli, kama mtu anayetazama dunia kutoka ndani ya gunia. Akarudisha sare ya kampuni ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi, nasi tukaanza maisha mengine.

Mimi ni fundi cherehani hapa Karatu mjini, nina kibaraza changu kando ya barabara kuu. Akawa anakaa nyuma yangu kutwa, miwani myeusi usoni, akisikiliza magari yakielekea geti la hifadhi. Wateja waliacha kuzungumza naye. Walinisalimia mimi, kisha wananiuliza mimi, "Mzee anaendeleaje?" hali mzee mwenyewe amekaa pale, hatua mbili tu kutoka kwao. Aliwajibu kwa adabu. Lakini sauti yake ilikuwa ikipungua wiki hadi wiki, na mimi nilikuwa nikiisikia inavyopungua huku nashona sare za shule za watoto wa watu.

Basi mchana mmoja akasema, bila kugeuza kichwa, "Nataka kuvua samaki."

Nilisimamisha cherehani. "Kuvua wapi? Karatu hii?"

"Bwawa la shamba la kahawa. Kule kwenu."

Aliposema kwenu hakuwa anatania. Wazazi wangu walitoka Singida wakaja kuchuma kahawa katika shamba lile, nami nilizaliwa kwenye nyumba za vibarua, mstari wa tatu kutoka juu. Bwawa lilikuwa nyuma ya kilima, limezuiwa kwa tuta refu la udongo, na juu yake unaanza msitu wa Ngorongoro wenyewe. Sisi watoto tulikatazwa kabisa kulikaribia. Mama zetu walituambia halina chini. Walisema ukitupa jiwe leo, wajukuu zako watafariki jiwe bado linashuka. Niliamini jambo hilo mpaka nilipokuwa mtu mzima, na hata baada ya hapo sikuwahi kwenda kuthibitisha.

"Utavuaje bila kuona boya?" nikamuuliza.

Ndipo aliponisimulia. Miaka ya nyuma aliwahi kuwapeleka wazee wawili, mume na mke, kupitia Serengeti mpaka Ziwa Victoria. Yule bwana alikuwa na fimbo ya kuvulia, rodi kama wanavyoiita madukani, na kwenye mshipi hakuwa na boya wala chochote kinachoelea. Alikuwa na kipande cha chuma kinachong'aa, kirefu kama kidole, chenye ndoano. Wenyewe wanakiita jigi. Alikiachia kikashuka wima mpaka chini ziwani, kisha akawa anakinyanyua na kukishusha, anakinyanyua na kukishusha, kofia imemfunika uso.

"Mimi nilidhani amelala," mume wangu akasema. "Kumbe alikuwa amefumba macho makusudi. Aliniambia ukifumba, mkono unaamka. Nilimwona wa ajabu. Sasa nimemkumbuka siku tatu mfululizo."

Sikumbuki mara ya mwisho alikuwa amesema maneno mengi namna ile kwa mpigo. Jumamosi iliyofuata nilifunga kibaraza tukaenda Arusha.

Duka lenyewe lilikuwa karibu na soko, linauza mipira, jezi, mahema yaliyotumika, na ukutani rodi zimepangwa kama mikuki. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu mwenye kalamu sikioni. Hakugundua mara moja kwamba mteja wake haoni, kwa sababu mume wangu ana tabia ya kumgeukia mtu anayezungumza na kusimama wima. Kijana alimnyooshea rodi, mkono wa mume wangu ukapita pembeni yake ukashika hewa. Kijana akanitazama. Kisha akauchukua ule mkono taratibu, akauweka kwenye mpini.

"Samahani, mzee wangu. Hii ni ya kaboni. Ngumu, nyepesi, kazi tupu. Unavua wapi, baharini?"

"Bwawani. Kwa jigi."

"Basi hii hii. Haikubali utani."

Mume wangu akaomba ipitishwe mshipi, na kitu kizito kidogo kifungwe kwenye ncha yake. Kijana akachukua kufuli la mlango wa duka akalifunga hapo. Mume wangu akainyanyua rodi, na kufuli likaruka juu kwa mkupuo likagonga meza.

"Umeona? Inaruka kama panya aliyemwagiwa maji ya moto. Samaki wa bwawa ni mvivu, hawezi kuifukuza hii. Na bega langu limeshika usukani miaka mingi, halitaki kupigwa mishtuko." Akairudisha. "Nipe inayoinama."

Kijana akaleta nyingine, hii ikainama ncha tu, kuanzia hapo ikawa kama mti mkavu. Akaleta ya tatu ambayo bei yake ilinifanya nitazame mlango. Mume wangu alizipima zote kwa namna ile ile, ananyanyua kufuli, anasubiri, anashusha, kichwa amekiinamisha upande mmoja kana kwamba zinamnong'oneza. Kila mara alitikisa kichwa.

"Zinanyamaza," akasema. "Huna nyingine yoyote? Hata mbaya?"

Kijana akacheka, akainama chini ya meza, akatoa moja yenye vumbi, vipande viwili vya kuunganisha, rangi ya zambarau iliyopauka. "Hii ni ya faiba. Mimi mwenyewe nimeikatia tamaa. Kila anayeishika anaikunja, inaenda mpaka katikati, anacheka anaiacha. Wanasema ya kitoto."

Bei aliyoitaja ilikuwa ndogo kiasi kwamba nilimwomba arudie.

Mume wangu akaiunganisha mwenyewe kwa vidole. Akanyanyua kufuli. Rodi ikainama kwanza, ikainama sana, mpaka karibu na mkono wake, kisha ikaanza kujinyoosha yenyewe polepole, na kufuli likapanda hewani bila haraka, likasita, likashuka. Hakuwa amefanya zaidi ya kusogeza kifundo cha mkono. Akarudia. Akarudia tena. Kisha akaniambia nishike mwisho wa mshipi nitembee nao mpaka mlangoni.

"Usivute. Uguse tu kwa kidole, ukitaka. Usiniambie lini."

Nikasimama mlangoni, mshipi umenyooka kati yetu, watu wanapita nyuma yangu na mikoba ya sokoni. Nikaugusa kwa ncha ya kidole, wepesi ule wa kugusa pasi kujua kama imepata moto.

"Sasa," akasema.

Nikangoja. Nikagusa tena, wepesi zaidi.

"Sasa."

Nikanyanyua pindo la kanga yangu, nikalipitisha juu ya mshipi, kitambaa tu, kikalala hapo.

Akasita. "Hicho si kidole," akasema. "Nini hicho?"

"Pindo la kanga," nikasema. Yule kijana aliyekuwa anacheka alitoka nyuma ya meza, akaniomba mshipi na yeye ajaribu, akajaribu kwa ncha ya kalamu yake na kwa karatasi ya risiti, na kila mara mzee aliyesimama mwisho wa duka akasema sasa. "Aisee," kijana akawa anasema kwa sauti ya chini. "Aisee." Mwishoni alituongezea jigi mbili ndogo, akakataa tuzilipie.

Kwenye shamba nilikwenda kuomba ruhusa kwa msimamizi, mtu wa Mbulu aliyewahi kusoma na kaka yangu. Alikubali kwa sharti moja, tuondoke kabla jua halijaingia nyuma ya msitu, kwa sababu kiangazi tembo wanashuka kunywa. Akatukabidhi kwa mlinzi wa bwawa, Mmasai wa Nainokanoka, mwanaume wa makamo mwenye shuka nyekundu na koti la mvua la kijeshi juu yake. Mlinzi aliitazama rodi yetu kwa mashaka.

"Yeyo," akaniambia, kama wanavyowaita akina mama kwao, "hii ni fimbo ya kuchungia nini? Mbuzi ataiinamisha."

"Ya samaki," nikasema.

Akatema mate pembeni kwa adabu. Kwao samaki si kitu cha kuliwa. Lakini alimshika mume wangu mkono bila kuombwa, akatuongoza kwenye kidaraja cha chuma kinachotoka tutani mpaka kwenye mnara mdogo wa kufungulia maji, mahali bwawa lilipo na kina kuliko kote.

Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kusimama juu ya maji yale. Yalikuwa meusi, yametulia, miti ya msituni imelala ndani yake kichwa chini. Mume wangu alichomeka nyungunyungu kwenye ndoano ya jigi, akaachia. Mshipi ukawa unatoka kwenye rili, kile kigurudumu cha mpinini, unatoka, unatoka, nami nikajikuta nimeshika chuma cha daraja kwa mikono yote miwili. Nilikuwa mwanamke mwenye wajukuu, na bado nilikuwa nasubiri lile jiwe.

"Imefika," akasema.

"Wapi?"

"Chini. Njoo ushike."

Akanipa rodi, akaweka mkono wake juu ya wangu, akaniambia nifumbe macho. Akaninyanyua kifundo kidogo tu. Nikasikia rodi inainama, halafu kitu kizito kule mbali kikabanduka, kikapanda, kikarudi kikatua. Kilitua. Nilisikia kwenye kiganja kwamba kilitua kwenye kitu laini. "Tope," akasema mume wangu. Tukasogea hatua moja, akashusha tena, safari hii ikagonga kavu. "Jiwe." Tukasogea tena, ikashuka ikakwaruza, ikanasa kidogo, ikaachia. "Huo mti. Kabla ya bwawa palikuwa na miti."

Siwezi kueleza vizuri kilichonipata. Bonde zima lilikuwa kule chini, bonde ambalo bibi mmoja wa nyumba za vibarua aliwahi kutusimulia kwamba alikata kuni ndani yake kabla maji hayajazuiwa, na mimi nilikuwa nalipapasa kama mtu anayepapasa uso wa mtu gizani. Machozi yalinitoka. Mume wangu hakuyaona, na mimi sikumwambia.

Siku hiyo hatukupata samaki, wala siku iliyofuata. Mlinzi alituhurumia. Alikuwa akija kukaa mwanzo wa kidaraja na fimbo yake magotini, anatuuliza kama kuna habari. Mume wangu naye akawa anamuuliza habari za ng'ombe, na polepole wakawa na mazungumzo yao. Siku ya tatu au ya nne rodi ikatikisika kama mtu anayeitikia kwa kichwa, mume wangu akasema "Ee!" kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu arudishe sare, akapandisha perege wa ukubwa wa kiganja. Alimshika samaki yule mikononi muda mrefu, akimpitia kidole mgongoni, kwenye miiba, kwenye mkia.

"Ana baridi kama mlima," akasema.

Ilikuwa mwishoni mwa kiangazi, mchana unaelekea jioni na jua bado liko juu ya msitu, tulipopata ile siku ambayo sisi wote watatu hatujaacha kuizungumzia. Upepo ulikuwa unashuka kutoka msituni. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ubao wa daraja na kikapu, bega kwa bega na mume wangu. Mlinzi alikuwa ameegemea mnara. Mume wangu alikuwa ananyanyua na kushusha, ananyanyua na kushusha, mara akaacha.

"Wapo," akasema chini chini.

"Nani?"

Mlinzi naye alikuwa ameshanyanyua mkono kunizuia. Sikuona kitu. Niliona miti, na kivuli cha miti. Kisha kivuli kimoja kikatikisa sikio.

Walitoka msituni bila mlio wowote. Sijui jinsi ya kumweleza mtu ambaye hajaona: vitu vikubwa kuliko nyumba yangu vinatoka kwenye kichaka na hakuna tawi linalovunjika. Jike kubwa lilitangulia, pembe moja imekatika, likasimama ukingoni upande wa pili, likanyanyua mkonga likaunusa ulimwengu wote. Moyo wangu ulikuwa unagonga mpaka nikaogopa litausikia.

"Upepo unatoka kwao kuja kwetu," mume wangu akanong'ona, utulivu ule ule aliokuwa akiwapa wageni kwenye gari. "Hawana habari zetu. Tusitembee, tusiongee, watakunywa wataondoka."

Na ndipo samaki akauma.

Niliiona rodi ikienda chini. Haikutikisika kama kwa perege. Ilivutwa, ikainama mpaka katikati, mpaka karibu na mpini, ncha ikagusa maji. Rili yetu ilikuwa ya bei ya chini, ukiizungusha inalia kama nyenje. Mume wangu hakuizungusha. Alibana miguu, akaweka mpini tumboni, akabaki hivyo. Samaki akaenda kulia, rodi ikamfuata. Akaenda chini ya daraja, ikamfuata. Akatulia, ikajinyoosha kidogo ikamnyanyua, kama mama anayembembeleza mtoto asiyetaka kulala. Ingekuwa ile ngumu ya kaboni, mshipi ungekatika kwa mlio na tembo wote wangetugeukia. Hii ilikubali kila kitu na haikuachia kitu.

Ng'ambo, tembo waliingia majini. Mawimbi ya miguu yao yakavuka bwawa zima, yakaja kugonga nguzo za daraja letu moja moja. Nikainama sikioni kwa mume wangu nianze kumsimulia, kwamba wako wengi, kwamba jike kubwa linakunywa, kwamba wengine wanajimwagia tope. Akanigusa goti.

"Niache kwanza," akanong'ona. "Nasikiliza."

Nikanyamaza nami nikasikiliza. Ndipo nikasikia wanavyokunywa, maji yakimiminwa kooni kama mtungi unaojazwa. Chini ya hapo kulikuwa na sauti nyingine ambayo ilianza muda mrefu kabla sijaitambua, ngurumo nzito isiyo na mahali, inayotoka vifuani mwao. Ilipita kwenye chuma cha daraja, ikaingia kwenye mifupa yangu ya kukalia. Kwenye mkono mmoja, ndani ya mpini, mume wangu alikuwa na uhai wa yule samaki asiyeonekana. Na kupitia miguuni alikuwa na ule wa tembo. Uso wake ulikuwa umenyanyuka na mdomo wazi kidogo. Nimemwona mwanaume huyu siku ya ndoa yetu na siku watoto wetu walipozaliwa. Sijawahi kumwona na uso ule.

Baadaye kidogo akauliza jambo moja tu. "Kuna mtoto?"

"Yupo. Anakanyaga mkonga wake mwenyewe."

"Ana nywele mgongoni?"

Nikatazama vizuri. Jua lilikuwa nyuma yao, na mgongoni mwa yule mdogo nywele nyekundu zilikuwa zimesimama zinawaka kama majani makavu pembeni mwa moto.

"Anazo," nikasema. "Nyingi."

Mabega yake yakatikisika. Alikuwa anacheka bila sauti. Miaka yote aliwaambia wageni waangalie nywele za mtoto wa tembo, na wengi waliangalia pembe za mama.

Walikaa mpaka waliposhiba, kisha jike kubwa likageuka, nao wakarudi msituni kama walivyokuja, na kichaka kikajifunga. Mlinzi alisema neno kwa Kimaa, sala au salamu, sikuuliza. Kisha akasema kwa Kiswahili, "Sasa zungusha, mzee. Zungusha!"

Rili ikalia, mimi nikalala kifudifudi kwenye ubao na kikapu mkononi, na kutoka kwenye weusi ule akapanda kambale mrefu kama mkono wangu, kichwa bapa, ndevu pande zote, amechoka na bado ana hasira. Ndoano ilikuwa imemshika kwenye ngozi nyembamba ya mdomo, padogo kiasi kwamba nilipomtoa iliachia yenyewe. Mlinzi alikaribia. Alimtazama samaki muda mrefu. Kisha akanyoosha kidole kimoja, mtu ambaye amelala porini na simba, akamgusa utosini na kukirudisha haraka.

"Ana ndevu kama babu yangu," akasema kwa mshangao wa kweli. "Na anapumua."

"Utamwonja?" mume wangu akamuuliza.

"Hapana. Lakini nimemheshimu."

Tangu hapo tunakwenda karibu kila Jumamosi, nikiwa sina nguo za harusi za watu za kumalizia. Madereva wenzake wa zamani wakati mwingine wanasimamisha gari kibarazani kuulizia samaki, na wanamuuliza yeye, si mimi. Mmoja alinunua rodi ya bei kubwa akaja nayo bwawani. Akanasa miti mara nyingi, akaishia kuomba kushika yetu. Macho hayakurudi. Mwaka huu hata vivuli vimekwisha. Aliniambia asubuhi moja akiwa anavaa viatu, kwa sauti ya mtu anayetaja kwamba sukari imeisha, na tukakaa kitandani tumeshikana mikono mpaka chai ikapoa.

Mwezi wa saba uliopita tulikwenda bwawani siku ya ukungu. Anayeishi Karatu anaujua ukungu wa mwezi ule, unavyomwagika kutoka mlimani na kufunika mashamba mpaka huoni kuku wako. Tulipofika kwenye tuta nilisimama. Mbele yangu hapakuwa na bwawa, hapakuwa na daraja, palikuwa na weupe mtupu, na nilipotazama chini sikuiona miguu yangu vizuri.

"Turudi," nikasema. "Sioni kitu."

"Shika mkono wangu," akasema mume wangu.

Akatangulia yeye. Alitembea kwenye tuta kama anavyotembea chumbani kwetu, fimbo yake ya kutembelea ikigusa ukingo, akanitajia mahali penye shimo kabla mguu wangu haujafika, akanitajia ngazi ya kwanza ya daraja, akanitajia ubao uliolegea. Sauti ya mlinzi ilitusalimu kutoka mahali fulani kwenye weupe; mume wangu akamgeukia sawasawa akamjibu. Akanikalisha. Nikasikia jigi linagusa maji, mshipi unatoka, unatulia.

Tulikaa hivyo asubuhi nzima. Nilisikia matone yakidondoka kutoka kwenye miti ambayo sikuiona. Nilisikia samaki akiruka, na nikajua kwa sauti kwamba ni mdogo na yuko upande wa mafunjo. Ndege fulani alipita juu karibu sana, mbawa zake zikakata hewa. Mume wangu alikuwa ananiambia kila kinachotokea kule chini, tope, jiwe, tope, kitu kimegusa, kimeondoka, na mimi nikayaona yote kwa uwazi kuliko siku yoyote ya jua.

Ukungu ulipanda kuelekea saa tano. Tulikuwa na perege wawili kwenye kikapu. Niliwakaanga mchana kwa nyanya na kitunguu cha Mang'ola, na mume wangu akala mpaka kichwa.